Miaka 20 ya Bodi ya Mikopo, Ikisomwa Kutoka Dodoma

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 20. Ni kawaida taasisi ya umri huo kuandikiwa historia kwa kuhesabu mabilioni iliyotoa, na mabilioni hayo yapo, yatatajwa. Hoja ya kurasa hizi ni nyingine. Bodi ilizaliwa kujibu swali moja: mtoto wa maskini aliyefaulu kidato cha sita, ada yake ailipe nani? Swali hilo imelijibu kwa kiwango ambacho mwaka 2005 wachache wangekitabiri. Liko swali la pili ambalo halikupata mwenyewe: akishaingia chuoni, nani anahakikisha anamaliza, na akimaliza, nani anahakikisha ana kipato cha kulipia deni lake? Nitaonyesha kwamba swali hili si la huruma wala si nyongeza ya kisasa. Ni nusu ya mpango wa zamani iliyodondoka njiani, na uhai wa mfuko wenyewe unaitegemea.

Historia hii inasomwa kutoka Dodoma kwa sababu. Kabla ya mwaka 2007 nyanda kame za kati hazikuwa na chuo kikuu. Leo vilima vya mashariki ya jiji vimebeba Chuo Kikuu cha Dodoma, mojawapo ya vyuo vikubwa kuliko vyote nchini, na bila mkopo mabweni yake yangebaki matupu kwa sehemu kubwa. Mafanikio ya Bodi yanaonekana hapa kwa macho, na mapengo yake pia.

1961–1992: Serikali inasomesha, Serikali inaajiri

Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kilianza na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Nchi iliyokuwa inaelekea uhuru Desemba ya mwaka huohuo ilihitaji mahakimu, madaktari, wahandisi na walimu, na ilihitaji haraka. Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1960 Serikali iliamua kubeba gharama zote: ada, chakula, malazi, vitabu, hata nauli ya kwenda na kurudi nyumbani. Watu hukumbuka sehemu hiyo ya mpango na kuiita elimu ya bure. Haikuwa bure. Aliyesomeshwa alidaiwa utumishi. Mwaka 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400 kwa siku moja, na ujumbe ulieleweka: anayekula jasho la mkulima ana deni kwa mkulima. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaenda mbele zaidi, likataka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu.

Tunaweza kubishana kuhusu ukali wa utaratibu ule, na wapo waliousema vibaya kwa haki. Lakini ulikuwa umekamilika. Serikali ilikadiria inahitaji wataalamu wangapi, ikawasomesha hao, na walipohitimu ikawapangia vituo. Mhitimu hakutafuta kazi, kazi ndiyo iliyokuwa inamsubiri. Kumaliza chuo na kuingia kazini vilikuwa hatua mbili za safari moja, na nauli ya safari yote ililipwa na mfuko mmoja. Jambo hili litatusaidia kuelewa kilichopotea baadaye.

1992–2004: Kuchangia gharama

Uchumi wa miaka ya 1980 haukuweza kuendelea kubeba mzigo huo. Vyuo vilichakaa, maktaba zikakosa vitabu vipya, na waliofaulu wakawa wengi kuliko nafasi. Sera ya kuchangia gharama ilianza kutekelezwa mwaka wa masomo 1992/93, kwa awamu. Kwanza familia zilianza kulipia vitu vidogo kama nauli na ada ya usajili. Kuanzia 1994/95 chakula na malazi viligeuka mkopo, uliotolewa na wizara yenye dhamana ya elimu ya juu. Ndiyo maana mpaka leo wadaiwa wa Bodi wamo watu waliosoma miaka 10 kabla Bodi haijazaliwa: deni lao ni la tangu 1994, na sheria iliikabidhi Bodi kulikusanya.

Wizara ilijua kutoa. Kukusanya hakukuwa kazi yake. Haikuwa na daftari la kueleza mkopaji yuko wapi, anafanya kazi gani, anapata nini. Na katika miaka hiyohiyo ya 1990 Serikali ilikuwa inapunguza watumishi na imeacha kuwapangia wahitimu kazi moja kwa moja. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, lakini yalijadiliwa kana kwamba ni moja. Mjadala wote ulihusu nani alipe. Kwamba mhitimu sasa angejitafutia kazi mwenyewe katika soko asilolijua, tena akiwa na deni, halikupata kamati wala kifungu. Sheria ya mwaka 2004 ilirithi ukimya huo. Iliunda chombo cha kukopesha na kudai, na chombo hicho kikafanya kile kilichoundiwa.

2005–2011: Bodi yaanza, Chimwaga yafunguliwa

Mwaka wa kwanza, 2005/06, Bodi ilikopesha wanafunzi zaidi ya 42,000 kwa bajeti ya shilingi bilioni 56 hivi. Iliundwa Bodi ya Wakurugenzi yenye wajumbe kutoka serikalini, vyuoni na kwa wanafunzi, na chini yake Mkurugenzi Mtendaji mwenye kurugenzi za upangaji mikopo, urejeshaji na fedha. Kazi ya awamu hii ya uongozi ilikuwa kujenga kutoka sifuri: fomu za karatasi zilizotumwa kwa posta, majalada yaliyojaa vyumba, na maofisa wachache waliotakiwa kuamua kutoka ofisini Dar es Salaam nani ni maskini kule Mpwapwa au Manyoni.

Mwaka 2007 ukaleta mzigo mpya. Hati idhini ya Chuo Kikuu cha Dodoma ilitiwa saini Machi, na Septemba wanafunzi wa kwanza wakaingia Chimwaga, kwenye jengo lililokuwa ukumbi wa mikutano ya Chama cha Mapinduzi. Chuo kilipangiwa kufikisha wanafunzi 40,000, na majengo yake yakainuliwa kwa fedha zilizokopwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Kanisa Anglikana kikaanza kwenye majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Nyuma yao vilikuwepo tayari Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini na tawi la Chuo cha Elimu ya Biashara. Ndani ya miaka michache Dodoma, iliyokuwa inajulikana kwa Bunge, zabibu na vumbi, ikawa mji wa wanafunzi.

Bodi haikuwa tayari kwa ongezeko hilo, na haikuwa peke yake. Mwaka 2007 mkopo ulikuwa unagharamia asilimia 60 ya ada na familia zikatakiwa kutafuta 40. Wanafunzi wa Dar es Salaam waligoma, na hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: kwa mzazi asiye na kitu, asilimia 40 ya ada ni sawa na asilimia 100. Jibu la Serikali lilikuwa kuwapanga waombaji kwa madaraja ya uhitaji, wengine wapewe ada yote, wengine sehemu, wengine wasipewe. Migomo haikuisha, vyuo vilifungwa na kufunguliwa, Dodoma ikiwa miongoni mwao. Mwaka 2011 Rais Jakaya Kikwete aliunda tume ya kuchunguza mfumo mzima wa mikopo, na posho ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, ikapanda kutoka shilingi 5,000 kwa siku hadi 7,500. Naiona hatua ya madaraja kuwa uamuzi mkubwa kuliko wote wa awamu hiyo, pamoja na kasoro zake. Ndiyo iliyoifanya Bodi itoke kwenye kugawa sawasawa na kuingia kwenye kupima uhitaji, kazi ngumu ambayo haijakamilika hata leo.

2014–2016: Somo la wanafunzi 7,802

Tukio moja la Dodoma linafundisha zaidi kuliko jedwali lolote la bajeti. Nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa walimu wa sayansi, na Serikali ikaanzisha Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na TEHAMA kwa vijana waliotoka kidato cha nne. Wengi walitoka familia za kawaida na walisoma kwa mkopo. Mwishoni mwa Mei 2016, masomo yao yakiwa yamekwama kwa mgogoro wa ufundishaji, vijana 7,802 waliamriwa kuondoka chuoni kwa muda wa saa chache. Baadaye Serikali iliwachambua na wengi wakahamishiwa vyuo vya ualimu kuendelea na masomo.

Sitafuti wa kumlaumu. Hayo yalijadiliwa bungeni na kwingineko kwa kirefu. Kinachohusu historia hii ni kwamba fedha haikuwa tatizo. Mkopo ulikuwepo, mahitaji ya walimu yalikuwepo, vijana walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu au ofisi moja yenye wajibu wa kuwasindikiza hadi mwisho. Bodi ilitoa fedha, chuo kilipokea, wizara ilipanga, na kila mmoja alitimiza kipande chake. Hali hiyo, kwa ukubwa mdogo na bila kelele, humpata mwanafunzi mmojammoja kila mwaka.

2016–2021: Miaka ya makato

Awamu iliyofuata ilikuwa ya kukusanya. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi, huku mdaiwa akitozwa pia asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na faini ya asilimia 10 akichelewa. Chini ya Mkurugenzi Mtendaji Abdul-Razaq Badru, Bodi iliacha kusubiri wadaiwa waje, ikawafuata waajiri. Makusanyo ya mwaka 2016/17 yalivuka shilingi bilioni 100, na mwaka uliofuata yakapita 180. Kwa taasisi iliyodharauliwa kuwa inatoa sadaka, hayo yalikuwa mageuzi ya kweli, na wanafunzi wengi wa Dodoma walilipiwa ada kwa makato ya kaka na dada zao waliotangulia.

Gharama yake nayo isifichwe. Makato hukamata mshahara, kwa hiyo humpata aliyeajiriwa rasmi. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 alikatwa 120,000 kila mwezi, kwa kiwango ambacho hakikuwepo siku aliposaini fomu. Asiye na kazi hakukatwa, lakini tozo haikumsahau: deni la shilingi milioni 10 liliongezeka laki 6 kila mwaka, na baada ya miaka mitano ya kuzurura na bahasha za maombi lingekuwa limefika milioni 13 hata bila faini. Utaratibu ulikuwa unamwadhibu zaidi yule aliyeshindwa kupata kazi. Hapa ndipo pengo la mwaka 2004 lilipojitokeza wazi. Mfuko ulikuwa umejengwa juu ya dhana kwamba mhitimu atapata ajira, huku hakuna aliyepewa kazi ya kuifanya dhana hiyo iwe kweli.

Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6, na muda mfupi baadaye faini ya asilimia 10 ikafuata. Wapo waliohofu kwamba mfuko ungekauka. Haukukauka.

2021–2025: Wigo wapanuka

Miaka ya karibuni ni ya upanuzi, na inaweza kuelezwa kwa ufupi. Bajeti iliyokuwa shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21 ilifika 570 mwaka uliofuata, na kufikia 2024/25 ilikuwa imevuka 780. Mwaka 2022/23 ulianza Ufadhili wa Samia, wa shilingi bilioni 3 kwa kuanzia, kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita, hao hawarejeshi. Mwaka 2023/24 bumu lilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000, na kwa mara ya kwanza ukatengwa mkopo mpana, shilingi bilioni 48, kwa stashahada za vyuo vya kati katika fani za kipaumbele kama afya, uhandisi wa nishati, madini, usafirishaji na kilimo. Fomu zilikuwa zimeshahamia mtandaoni, vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vinahakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na namba ya kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini inazungumza kwa niaba ya mwombaji. Yatima wa Bahi halazimiki tena kupanda basi hadi Dar es Salaam kuthibitisha uyatima wake. Kwa upande wa marejesho, kampeni ya Fichua iliwaomba wananchi kuwataja wadaiwa waliojificha, na Mkurugenzi Mtendaji wa sasa, Dkt. Bill Kiwia, ameirithi Bodi iliyo kubwa kuliko wakati wowote.

| Mwaka | Hatua |
|---|---|
| 1992/93 | Utekelezaji wa sera ya kuchangia gharama waanza |
| 1994/95 | Wizara yaanza kutoa mikopo ya chakula na malazi |
| 2004 | Sheria Na. 9 yaunda Bodi |
| 2005 | Bodi yaanza kazi Julai |
| 2007 | Chuo Kikuu cha Dodoma chapokea wanafunzi wa kwanza |
| 2011 | Tume ya Rais yachunguza mfumo wa mikopo. Bumu lafika 7,500 |
| 2016 | Makato yapanda hadi asilimia 15 |
| 2021 | Tozo na faini zafutwa |
| 2022/23 | Ufadhili wa Samia waanza |
| 2023/24 | Mkopo mpana wa stashahada waanza; bumu lafika 10,000 |

Kumaliza, na baada ya kumaliza

Ukiangalia jedwali hilo, kila hatua inahusu fedha kuingia au fedha kutoka. Hakuna hata moja inayosema wangapi walimaliza. Wala si kwamba jambo lenyewe halifahamiki. Mwanafunzi anayeendelea hupata mkopo wa mwaka unaofuata akiwa amefaulu kuvuka mwaka, na hilo ni sharti la haki kwa fedha ya umma. Lakini linganisha na maisha ya kaya ya mkulima wa nyanda za kati. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, tena ya kubahatisha. Mtama na uwele huvunwa katikati ya mwaka. Chuo hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, kihenge kikiwa kimeshapungua, mvua bado, na mbuzi waliobaki ni wa akiba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaripoti katika mwezi ambao nyumbani hakuna kitu cha kuuza. Akipangiwa nusu ya ada, nusu nyingine inatafutwa wakati huo. Bumu likichelewa, hakuna wa kumpigia simu. Anaanza kufanya vibarua Ng'ong'ona, jirani na chuo, au mjini, anakosa vipindi, anafeli somo moja, linakuwa mawili, anatakiwa kurudia mwaka, na mkopo unasimama pale alipouhitaji zaidi. Akiacha chuo, deni la mwaka mmoja au miwili linabaki jina lake, bila shahada ya kumsaidia kulilipa. Kwa hesabu ya mfuko, huyu ni hasara kuliko ambaye hakukopeshwa kabisa.

Wapo watakaosema mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, na kumaliza ni juu yake. Hoja hii ina ukweli wake. Wapo wanaochezea bumu, na hakuna ofisi itakayowasomea vitabu. Lakini mtoto wa mtumishi wa mji wa Serikali wa Mtumba akifeli somo hurudi nyumbani, hula, hulipiwa mtihani wa marudio na kuendelea. Uzembe wake husamehewa na mshahara wa baba. Wa kijijini hana nafasi ya kukosea mara moja. Kumtaka awe na nidhamu kuliko mwenzake ili afike palepale si kipimo cha utu uzima. Kingemsaidia kitu kidogo kisichogharimu sana: ofisi ya mshauri wa wanafunzi kupewa mapema orodha ya wanufaika waliopata chini ya ada kamili na matokeo yao ya muhula wa kwanza, na Bodi kuruhusu mkopo wa kurudia mwaka mara moja kwa sababu inayothibitika, kama ugonjwa au msiba wa mzazi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Bodi si wakala wa ajira. Kazi hiyo ina wenyewe: Ofisi ya Waziri Mkuu yenye huduma za ajira, programu za kukuza ujuzi na mafunzo ya uzoefu kazini, vyuo vyenyewe, na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo kwa bahati iko hapohapo kwenye eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, katika majengo ya Dkt. Asha-Rose Migiro. Mwanafunzi anaweza kutoka darasani na kufika kwa miguu kwenye ofisi inayosimamia usaili wa nchi nzima. Nakubali kwamba Bodi haipaswi kufungua dawati la kuandikia watu wasifu. Ila ina kitu ambacho ofisi hizo zote hazina: jina la kijana, kozi yake, chuo chake, hali ya kaya aliyotoka, na miaka kadhaa baadaye, mshahara wake. Hakuna taasisi nyingine nchini inayoweza kueleza ni kozi gani ya chuo gani iliwapeleka watoto wa maskini kwenye kipato, na ipi iliwaacha na deni tu. Taarifa hiyo ikibaki kwenye kompyuta za idara ya urejeshaji, inatumika kumtafuta mdaiwa. Ikichakatwa na kutolewa bila majina, kijana wa kidato cha sita pale Kondoa angeisoma kabla ya kujaza fomu.

Na bado mtu anaweza kujibu kwamba tatizo si maandalizi, ni uhaba wa kazi. Takwimu zinamuunga mkono. Katika mchakato wa ajira za walimu uliofikia usaili mwanzoni mwa 2025, waombaji 201,707 waligombea nafasi 14,648, karibu 14 kwa kila nafasi moja. Muda mfupi baadaye Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na kupata waombaji 135,027. Hakuna semina ya kuandika barua itakayoumba nafasi ambazo hazipo. Lakini takwimu hizohizo zinasema jambo jingine: kwa miaka mingi tulikopesha kozi kwa wingi huku soko lake likijaa. Mkopo wa stashahada wa mwaka 2023 ni ushahidi kwamba Bodi inaweza kuelekeza fedha kwenye fani zenye uhitaji ikiamua. Kadhalika mafunzo kwa vitendo. Bodi huyalipia kwa siku zisizozidi 56 kwa mwaka, na huo ni uwekezaji mkubwa wa nchi katika uzoefu wa kazi wa vijana wa familia maskini, ingawa hauitwi hivyo. Siku hizo mara nyingi hutumika kutoa nakala na kuleta chai ofisini, kisha msimamizi anasaini. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, uliokopwa Benki ya Dunia kwa dola milioni 425 tangu 2021 na unaoihusisha Dodoma, umevitaka vyuo vihuishe mitaala pamoja na waajiri. Siku 56 ni mahali pazuri pa kuanzia, maana fedha yake ipo tayari.

Mwisho kuna wanaotaka mkopo ufutwe na ruzuku irudi. Ufadhili wa Samia unawapa moyo, na kwa watoto wa kaya za TASAF nadhani hoja yao ina nguvu: sehemu ya mkopo wao ingefaa kugeuzwa ruzuku pale wanapohitimu, si wanapoingia, ili kumaliza kuwe na thamani. Kwa wote, haiwezekani kwa haki. Elimu ya sekondari isiyo na ada ilianza 2016 na ikafika kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, kwa hiyo wanaobisha hodi vyuoni watazidi kuongezeka, na kodi ya muuza mchicha wa soko la Majengo haiwezi kumsomesha bure mtu atakayepata mshahara mara 10 ya kipato chake. Kenya iliunda bodi yake mwaka 1995, Uganda mwaka 2014, na zote zimefika kwenye mkopo. Australia, iliyoanza mwaka 1989, iliufunga urejeshaji na kipato: asiyefikia kiwango halipi, na haadhibiwi. Kwa kufuta tozo mwaka 2021, na kwa kumpa mhitimu miezi 24 kabla ya kuanza kudaiwa, Tanzania imesogea upande huo. Kilichobaki ni kuitumia hiyo miezi 24 kumfikisha kazini au kwenye shughuli yake, badala ya kumwacha aimalize akisubiri tangazo.

Kwa hiyo ombi la kurasa hizi kwa Bodi, baada ya miaka yake 20, ni moja na linapimika. Pamoja na bajeti na idadi ya wanufaika, itangaze kila mwaka, chuo kwa chuo na kozi kwa kozi, idadi tatu: wangapi kati ya iliowakopesha wamemaliza kwa wakati, wangapi wana kipato miezi 24 baadaye, na wangapi wamekwisha kuanza kurejesha. Waajiri nao, ambao sheria inawataka kuijulisha Bodi wanapoajiri mhitimu, wafanye hivyo bila kusubiri kufuatwa, maana bila taarifa zao idadi ya pili na ya tatu haziwezi kupatikana. Chuo Kikuu cha Dodoma, chenye wanufaika wengi na Sekretarieti ya Ajira mlangoni, kiwe cha kwanza kuchapishiwa takwimu hizo.